Nilivyonakili Daftari la Watu la Mwaka 1948

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.



Mhariri wa jarida letu aliniomba nieleze kazi niliyoifanya katika likizo mbili zilizopita, nayo ni kunakili daftari la zamani la watu wa kijiji cha wazee wangu, kule ziwani karibu na Mbamba Bay. Nilisita kwa muda, kwa sababu habari hii inagusa mambo ya ndani ya nyumba yetu. Lakini baba yangu mkubwa mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Andika, mwanangu. Huenda na wengine wakafaidika." Basi ninaandika kwa idhini yake.

Kwanza nieleze nilianzaje. Wengi wetu tunaokaa hapa Mbinga mjini tuna wazee waliopanda milima hii kutoka ziwani, wengine kwa biashara ya samaki, wengine kwa kufuata kahawa. Watoto wamezaliwa huku na hawajui nyumba ya babu zao ilikuwa upande gani wa mto. Siku moja darasani niliwauliza wanafunzi wangu wa madrasa, "Nani anaweza kutaja baba, babu na baba wa babu?" Watoto walikuwa ishirini na wanane. Waliofika kwa baba wa babu walikuwa watatu tu. Na mimi mwalimu wao, nilipojiuliza swali hilohilo, nilijikuta ninalo jina moja na hadithi moja ya kujisifu nayo. Nitaieleza hadithi hiyo mbele.

Nilidhani jambo rahisi ni kwenda kuomba karatasi za sensa. Nchi yetu imehesabu watu mara nyingi. Hesabu ya kisasa ilifanyika Agosti 1948, wakati wa Mwingereza, ikafuata ya 1957. Baada ya uhuru tukahesabiwa mwaka 1967, tukawa watu 12,313,469. Kisha 1978, 1988, 2002, 2012, na Agosti 2022 tukawa 61,741,120. Lakini nilielimishwa kwamba sheria ya takwimu inalinda siri ya kila aliyehesabiwa. Tunachopewa sisi ni jumla: kijiji kina watu wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi. Majina hayatolewi. Wenzetu Waingereza huzifungua karatasi zao baada ya miaka 100, na ile sensa yao ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Wamarekani husubiri miaka 72, na ya 1950 waliifungua Aprili 2022. Huko watu wa kujitolea hukaa na kunakili majina mamilioni ili kila mtu atafute wazee wake. Sisi hatuna mlango huo.

Tuna milango mingine midogo. Kuna vitabu vya ndoa misikitini. Kuna vitabu vya ubatizo makanisani, kama kwa Waanglikana wa Liuli na Wakatoliki wa Kigonsera, na tusione haya kuomba kuvitazama, kwani koo nyingi za ziwani zina ndugu huku na huku. Na kuna madaftari ya kodi. Kodi ya nyumba ilianza wakati wa Mjerumani, mwaka 1898, na Mwingereza akaiendeleza kwa kodi ya nyumba na ya kichwa. Ili kodi ikusanywe, ilibidi jumbe na karani wake wajue nani anakaa wapi. Watu waliichukia kodi hiyo, na walikuwa na haki ya kuichukia. Lakini Allah hutoa faida hata katika jambo zito, kwani daftari la mtoza kodi ndilo lililohifadhi majina ya watu ambao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwaandika.

Daftari nililolipata lilikuwa katika sanduku la bati nyumbani kwa mjukuu wa karani mmoja wa zamani. Utawala wa machifu na majumbe ulipoondolewa mwaka 1963, lilibaki humo humo. Juu yake pameandikwa kwa wino, "Daftari la Watu na Kodi 1948." Si karatasi ya sensa yenyewe, bali ni daftari la kijiji la mwaka ule ule. Lina kurasa 46. Mchwa wamekula pembe moja, na kurasa nne zimeshikana kwa unyevu. Kila ukurasa umegawanywa safu: nambari ya nyumba, mwenye nyumba, jina la baba yake, kabila, wake, watoto waume, watoto wake, kodi, na mwisho maelezo. Kurasa chache za mwisho zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bila shaka karani alikuwa mtu wa chuoni kama sisi.

Mwenye sanduku hakutaka daftari litoke nyumbani kwake, na nilimwona ana haki. Kwa hiyo nilishuka ziwani mara sita, nikipiga picha kwa simu kila ukurasa, kisha usiku nikinakili kwenye kitabu kikubwa. Nilimchukua binti wa dada yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, awe ananisomea nami ninaandika, halafu tunabadilishana: mimi ninasoma, yeye anakagua. Makosa aliyoyakamata mtoto huyu katika ukurasa wa kwanza peke yake yalikuwa kumi na moja.

Mwalimu wangu mzee, aliyenisomesha tangu juzuu amma, alinipa masharti matatu kabla sijaanza. La kwanza, andika kama ilivyoandikwa. Ukikuta Selemani, usiandike Sulaiman. Ukikuta Hamisi, usimfanye Khamis kwa kuwa ndivyo ulivyozoea. La pili, pasiposomeka acha nafasi na uandike "hapasomeki", wala usijaze kwa akili yako. La tatu, rai yako iwe na safu yake peke yake, isichanganyike na maneno ya mwenye kuandika.

Sharti hili la tatu nililiona faida yake nilipofika kwenye zile kurasa za herufi za Kiarabu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa be moja inayosimamia b, p, na hata mb. Fe ilisimamia f na v. Kwa hiyo neno moja unaweza kulisoma kwa njia tatu, na zote zikawa na maana. Mtu mwenye haraka atachagua ile inayomfurahisha. Mwenye kuogopa dhima ataandika njia zote tatu katika safu ya rai, na aachie wenye kijiji waamue.

Na msidhani kuandika watu ni bidaa ya serikali. Imepokewa katika Sahih Bukhari, kutoka kwa Hudhaifa (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru waandikwe wote waliotamka Uislamu, wakaandikwa wanaume 1,500. Na Sayyidna Umar (R.A.) katika ukhalifa wake aliweka diwani, daftari la watu na haki zao, ili mjane na yatima wasisahauliwe. Kuandika watu kwa uadilifu ni katika kazi njema.

Sasa nifike kwenye hadithi ya nyumba yetu.

Tangu nikiwa mdogo nilisikia kwamba asili yetu ni Kilwa. Baba yake babu, ambaye sisi tunamwita Babu Mkubwa, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara Mwarabu wa huko, akaja na misafara, akakaa ziwani, akafundisha watu kusoma. Baba mkubwa ana shajara ndani ya fremu, ukutani mwa sebule, yenye jina la Kilwa juu kabisa. Idi zote tulikaa chini ya shajara ile, na tuliamini kwamba ndiyo iliyotutofautisha na majirani.

Wala jambo hili halikuishia kwenye majisifu. Miaka ya sabini, shangazi yangu alichumbiwa na kijana wa chombo, mvuvi na mbeba mizigo, Mwislamu msikivu ambaye hakuwahi kukosa jamaa ya alfajiri anapokuwa nchi kavu. Kijana huyo alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi. Wazee wakamrudisha. Neno walilolitoa lilibaki kijijini kwa miaka: "Hatuozi mtu asiyejulikana baba yake ni nani." Shangazi aliozwa kwingine baadaye, ndoa haikudumu, na hajawahi kusema neno juu ya yule wa kwanza.

Jumamosi moja usiku tulifika nyumba nambari 31. Binti alisoma jina la mwenye nyumba, nami nikaacha kalamu. Lilikuwa jina la Babu Mkubwa. Nyumba ya pili yake ilikuwa ya babu yangu, na katika safu ya watoto waume palikuwa na tarakimu moja tu: 1. Huyo moja ni baba mkubwa, ambaye mwaka ule alikuwa na umri wa kama miaka miwili.

"Endelea," nikamwambia binti. "Jina la baba?"

Akanyamaza kidogo. "Pameandikwa 'Hajui'."

"Kabila?"

"Pana mstari tu."

"Maelezo?"

Akasoma taratibu: "Mzee sana. Aliletwa mdogo kwa jahazi toka ng'ambo. Kodi amesamehewa."

Nilimwomba asome tena. Kisha nikaikuza picha kwenye simu, nikasoma mwenyewe. Mwandiko wa karani ulikuwa safi, hakuna herufi ya kubishaniwa.

Msomaji anayeijua tarikhi ya ziwa letu ataelewa kwa nini usiku ule sikulala. Katika karne ya 19 majahazi yalivuka kutoka Nkhotakota, yalikokaa Majumbe wa Kiswahili, yakileta upande wetu pembe za ndovu na watu. Kutoka hapo misafara ilikwenda hadi Kilwa. Wengi waliovushwa walikuwa watoto. Wengine hawakufika pwani. Walibaki njiani, wakalelewa katika nyumba za watu, wakasomeshwa, wakasilimu. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Daftari letu liliandikwa miaka 26 tu baada ya hapo, na waliokumbuka walikuwa hai.

Asubuhi nilikwenda kwa baba mkubwa na nakala yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umefika nyumba yetu?"

Nikamsomea. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaitazama ile fremu ukutani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Karani alikosea. Andika Kilwa."

Nilimwambia kwamba ninaogopa. Akasema, "Mimi ndiye mkubwa wako. Ninakuambia andika Kilwa." Tukaagana bila kunywa chai, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwake.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu mzee nikiwa na uzito wa pande mbili. Upande mmoja utiifu kwa mkubwa wangu, aliyenilea baada ya baba yangu kufariki. Upande mwingine yale masharti matatu. Mwalimu aliniuliza swali moja: "Umesikia au umeona?"

"Nimeona kwa macho yangu, mwalimu."

"Basi wewe ni shahidi," akasema. Akanikumbusha aya ya 135 ya Surat Nisaa, ambamo Allah anatuamrisha kusimamisha uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili Yake, hata ukiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Akanikumbusha na onyo kali la Mtume (S.A.W.) kwa mtu anayejinasibisha na baba asiyekuwa wake ilhali anajua. Halafu akaniuliza tena, "Na wewe, katika safu yako ya rai, umeandika nini?"

Nikaona haya. Kwa ghadhabu ya usiku ule nilikuwa nimeandika: "Alikuwa mtumwa."

"Karani ameandika neno hilo?"

"Hapana."

"Mtu aliyekuwapo, aliyemjua mzee huyo na kumwona, hakuliandika. Wewe umelipata wapi? Baba yako mkubwa anataka kumtoa Kilwa bila ushahidi, na wewe unataka kumtia minyororo bila ushahidi. Nyote wawili mmetoka nje ya daftari."

Nililifuta neno lile palepale, nikaandika, "Huenda alivushwa katika biashara ya watu; daftari halisemi."

Kisha mwalimu akanipa darasa ambalo ningependa kila mwanafunzi wetu alihifadhi. Akasema, fungua Surat Ahzab, aya ya 5. Zaid bin Haritha (R.A.) alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika Makka katika nyumba ya Bibi Khadija (R.A.). Mtume (S.A.W.) akampenda na kumlea, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Aya ikashuka kuamrisha kwamba waitwe kwa baba zao, naye akarudishiwa jina la baba yake Haritha. Huyu aliyewahi kuuzwa sokoni ndiye swahaba pekee ambaye jina lake limetajwa ndani ya Qur'an.

"Lakini," mwalimu akasema, "aya haikuishia hapo. Allah anajua kuna watu ambao baba zao hawajulikani. Amesema wao ni nini?"

Nikajibu kwa maana yake: wao ni ndugu zetu katika dini na rafiki zetu.

"Basi karani wako alipoandika 'Hajui', mwenye nyumba nambari 31 alikwisha andikiwa nafasi yake zaidi ya miaka 1,300 kabla. Mtazame Salim, huria wa Abu Hudhaifa (R.A.). Aya hii iliposhuka aliitwa huria wa Abu Hudhaifa, kwa kuwa baba yake hakujulikana. Na ni yeye aliyewaswalisha Muhajirina wa mwanzo kule Quba, akiwamo Umar nyuma yake, na ni mmoja wa wanne ambao Mtume (S.A.W.) aliagiza watu wajifunze Qur'an kwao. Nenda kamwambie mkubwa wako. Kwa adabu."

Nilikwenda baada ya siku tatu. Nilimkuta baba mkubwa amekaa na shangazi barazani. Nilieleza yote, ya Zaid na ya Salim, na nikakiri kosa langu la kuandika neno lisilokuwamo. Sikumwomba aamue lolote. Tulikaa kimya mpaka adhana ya alasiri ikakaribia.

Baba mkubwa ndiye aliyevunja kimya. "Nilikuwa na miaka kama kumi alipofariki. Siku za mwisho alikuwa akiita, 'Amayi, amayi.' Mzee wa ndevu nyeupe anamwita mama yake kwa Kinyanja. Sote tulisikia. Hakuna aliyeuliza." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Mtoto wa Kilwa angemwita mama yake hivyo?"

Shangazi aliniomba nisome tena ule mstari. Nikasoma: "Aliletwa mdogo kwa jahazi toka ng'ambo." Akautazama upande wa ziwa kwa muda, kisha akasema kwa upole kabisa, "Kumbe na sisi." Hakuongeza neno. Baba mkubwa aliinama, akasema, "Nisamehe, dada yangu. Nilikuwapo siku ile tulipomrudisha." Shangazi akamjibu, "Allah atusamehe sote," akainuka kwenda kutawadha.

Sitasema kwamba uzito wote uliondoka siku hiyo. Miaka hairudi. Lakini Idi iliyofuata tulipokwenda kula kwa baba mkubwa, fremu ilikuwa imeshushwa. Mahali pake palikuwa na karatasi mpya, kwa mwandiko wake mwenyewe, na majina ya wanawake yameandikwa pia, jambo ambalo shajara ya zamani haikuwa nalo. Juu kabisa ameandika jina la Babu Mkubwa, na mbele yake, palipotakiwa jina la baba, ameacha nafasi nyeupe. Watoto walipouliza kwa nini pako wazi, yeye mwenyewe aliwaita wakae, akawasimulia habari za Salim (R.A.).

Baadaye nilisoma kwamba kule Marekani, katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliandikwa umri, jinsia na rangi, bila majina, chini ya jina la anayewamiliki. Ni mwaka 1870 ndipo walioachwa huru waliandikwa kila mmoja kwa jina lake, na wajukuu zao wanaotafuta asili mara nyingi hukwama hapo. Nilipoyasoma hayo nilimshukuru karani wetu. Hakumpata baba wa Babu Mkubwa, lakini alimwandika yeye kwa jina lake, mwenye nyumba, na nambari yake, sawa na majirani zake wote.

Ndugu mwanafunzi, nakuusia machache. Mtume (S.A.W.) ametuagiza tujifunze nasaba zetu kwa kiasi cha kuunga udugu, na hilo ndilo lengo lake, si kujivuna wala kukataa wachumba. Likizo hii chukua daftari, kaa na bibi yako, umuulize majina, na uandike anavyotamka. Uliza na nani alimnyonyesha nani, maana hukumu za ndoa zimo humo. Andika tarehe uliyoandika na jina la aliyekusimulia, kama wapokezi wa Hadithi walivyofanya. Karatasi za zamani usizibandike kwa gundi wala usizianike juani; zipige picha na uzihifadhi pakavu. Na ukikuta pasipojulikana, uwe na ujasiri wa kuandika "hajui".

Kurasa zile nne zilizoshikana bado hatujazifungua, maana tunaogopa kuzichana. Mwenye sanduku amekubali tutafute wataalamu wa nyaraka watuelekeze. Nyumba nambari 38 hadi 45 zimo humo. Huenda ni ya kwenu.

Nimuombe Allah (S.W.) amrehemu karani yule, awarehemu wote waliovushwa ziwa wakiwa wadogo, na atukutanishe nao Peponi. Amin.

Wabillahi tawfiq.